Mkono wa Kulia wa Baba Mkwe

Ndege ile nilipewa Lokichar na mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na alinipa kwa sababu begi lake lilikataa kufunga. Ilikuwa mwishoni mwa 2012, wakati wakandarasi wa mafuta walikuwa wameijaza Lokichar magari, na katika kila gari mlikuwa na mtu mwenye simu iliyopasuka kioo. Mimi nilikuwa na duka Lodwar la kupiga picha za pasipoti, kurekodi harusi na kutengeneza simu, kwa hiyo nilishuka huko kila wiki kutafuta riziki. Mzungu alilikalia begi. Nikalikalia pamoja naye. Halikufunga. Akalifungua, akatoa dude jeusi lenye feni ndogo nne na kamera puani, akanisukumia kifuani.

"Rimoti iko wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha kwa kidole simu yangu mwenyewe.

Nilidhani ananitania. Lakini ndivyo ilivyokuwa: lile dude lilitoa waifai yake, simu ikaidaka, na picha ya kile kamera ilichokiona ikatokea kwenye kioo. Kuliendesha kulikuwa hivi. Unaishika simu kwa mikono miwili. Kidole gumba cha kushoto kinabonyeza duara, na kikiwa pale ndege inakwenda unakoinamishia simu. Ukiinamisha mbele inakwenda mbele, ukiinamisha kando inakwenda kando. Kidole gumba cha kulia kinaipandisha na kuishusha. Ukiachia vyote viwili inasimama hewani, inangoja. Ilikula chaji zaidi ya saa nzima ili iruke dakika kumi tu, na kwa dakika hizo kumi mimi nilijiona rubani.

Nieleze sasa tabia yangu, maana bila hiyo hutaelewa yaliyofuata. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Sipendi mtu anishike bega nikifanya kazi, sipendi kuulizwa "hiyo ni nini?" na watu wanne kwa zamu, na zaidi ya yote sipendi mtu akilegalega kwenye shughuli inayotaka mikono miwili. Basi Mungu akanipa chombo kinachotaka mikono miwili, akaniweka Turkana, mahali ambapo mkono wa kulia si mali yako. Mkono wa kulia ni wa watu. Ukikutana na mtu unampa, naye anaushika, anaukalia kabisa, mnaulizana ejok, ejok, watu wako je, mbuzi je, mvua je, huko ulikotoka je. Hakuna anayeukata huo mlolongo katikati isipokuwa mtu asiyelelewa.

Mazoezi niliyafanyia kwenye uwanja ulio nyuma ya duka, Lodwar. Siku ya tatu niliipeleka mpaka juu ya soko, nikajisifu kimoyomoyo, na papo hapo mama akapiga simu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Simu ikiita, ndege inapotea kwenye kioo na badala yake anatokea mama yangu katika picha ya Krismasi, akicheka. Nayo ndege, ikiona imetelekezwa, inatua hapohapo ilipo. Ilitua kwenye beseni la samaki waliokaushwa kutoka Kalokol.

Mama muuza samaki aliitazama kwa muda. Halafu akaisalimu. "Ejok?" akasema, kwa heshima zote. Ndege haikuitikia, ikazidi kunguruma na kurusha magamba. Akaipiga kwa kifuniko cha sufuria.

Jioni nilimwambia mama yangu, "Mama, usinipigie simu nikiwa narusha."

"Nitajuaje unarusha?"

"Nitakupigia nikuambie."

Ikawa kabla ya kuruka nampigia kumwambia naruka, na dakika mbili baadaye ananipigia kuniuliza kama nimeshatua. Ndege ile ilianguka mara nne kwa mapenzi ya mama. Mwishowe nikajua kuzima simu zote zisiingie na kuacha waifai peke yake, nikasema sasa nimeziba kila tundu.

Wakati huohuo nilikuwa na jambo kubwa kuliko ndege. Huko Kakuma kulikuwa na mwalimu. Alifundisha katika shule ya msingi ndani ya kambi ya wakimbizi, watoto wa Sudan Kusini, Wakongo, Wasomali, darasa lililojaa hadi mlangoni, na alikuwa na sauti ya kuwanyamazisha wote bila kuinuka kitini. Nilimwona kwanza nilipokwenda kupiga picha za darasa la nane. Aliniambia nimeiweka kamera upande usiofaa wa jua. Ilikuwa kweli. Nilikasirika siku mbili, siku ya tatu nikagundua kwamba nimempenda.

Babake alikuwa mfugaji wa nje kidogo ya mji wa Kakuma, na alikuwa ameshaahirisha mazungumzo ya mahari mara mbili. Mara ya kwanza alisema mbuzi tulioleta walikuwa na kikohozi. Mara ya pili alisema ni sisi wenyewe tulioonekana kuwa na kikohozi. Safari hii, katika 2013, alituma neno lililonikosesha usingizi: njooni na mifugo ya maana, na mazungumzo yakivunjika mara ya tatu, msirudi tena. Mwalimu wangu naye akanipigia. "Babe, usijaribu kuleta mambo mingi. Keti, salimia watu vizuri, wacha wazee waongee. Ukiharibu hii, mimi sina baba mwingine."

Sasa, mambo ya mahari kwetu yana utaratibu wake, na kila mtu anaujua ingawa hakuna anayeusema. Upande wa mume hauleti mifugo yote mara moja. Unaleta kundi la mbele, lenye heshima, unaliingiza nyumbani kwa mke, kisha unaapa kwamba zizi limebaki kaburi. Upande wa mke unacheka, unanuna, unainuka kama unaondoka, unadai zaidi. Ndipo mnatoa wachache wengine, kwa machozi, kutoka kwa lile kundi la nyuma mlilolificha mahali. Mkono mtupu haulambwi, lakini hata uliojaa hufunguliwa kidole kimoja kimoja. Baba yangu alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alilificha kundi la nyuma tangu alfajiri nyuma ya kilima kidogo cha mawe, pembeni ya laga, mto wetu mkavu, umbali wa kutupa jiwe mara mbili.

Na mimi, mpumbavu, nikataka kurekodi mifugo yetu ikiingia, kutoka angani. Nilikuwa nimerekodi harusi za watu miaka mitano. Nilitaka yangu iwe na kitu ambacho hakuna harusi ya Turkana imewahi kuwa nacho.

Baba alilizunguka lile dude mara moja, fimbo mkononi. Wazee wote walisema Kiturkana siku hiyo. Nayaandika hapa kama ninavyoyakumbuka.

"Hii inatazama nini?"

"Itatazama mifugo yetu ikiingia kwa heshima."

"Mifugo ipi?"

"Ile ya mbele, Apa."

"Basi iambie iwe na adabu."

Betri niliichajisha ndani ya kambi, kwa mama mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa na duka la jenereta na kompyuta, akichajisha simu za watu na kuwawekea nyimbo za kanisa. Alikuwa mrefu kuliko mlango wake. Aliishika betri, akaigeuza.

"Ya zol, wewe mtu, hii kitu inakunywa moto saa moja, inaruka dakika kumi? Hata bwana yangu iko afadhali."

"Mama, leo ni siku ya mahari yangu. Omba isizime."

"Mimi ntaomba wewe ndiyo usizime."

Tulifika kwa baba mkwe kabla jua halijawa kali. Upande wa mke walikuwa wameshakaa kivulini, kaka za mzee na watoto wao wa kiume, wote waliojua kupiga kelele, maana katika shughuli hii kelele ni silaha. Bi harusi hakuonekana, na hiyo ilikuwa sawa. Tuliambiwa yuko ndani kwa mamake, anapakwa mafuta na kuvishwa shanga. Baba akaweka kigoda chake, ekicholong, akakikalia, na wazee wakaanza kuliana umaskini. Mimi nikasimama kando, nikairusha ndege.

Ilipanda vizuri. Wazee walinyanyua nyuso. Kundi la mbele likaingia, mbuzi mbele, ngamia nyuma, vumbi likiinuka, na kwenye kioo changu ilikuwa picha nzuri ajabu. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Na katikati ya furaha hiyo nikasikia sauti mbele yangu.

"Ejok."

Baba mkwe alikuwa ameinuka kutoka kwenye kigoda chake na kunijia mwenyewe. Hakuwa amefanya hivyo mara zile mbili za kwanza. Alisimama pale, kaka zake wote wakitazama, akaninyooshea mkono wa kulia.

Nifanyeje? Nilijikinga na simu ya mama, sikujikinga na mkono wa mzee. Kumwambia angoje kidogo nimalize kuchezea simu kulikuwa sawa na kumwambia abaki na binti yake. Nikatoa mkono wa kulia. Simu ikabaki mkono wa kushoto, na kidole gumba, kwa woga, kikakaza palepale kwenye duara.

"Ejok-nooi," nikasema, nikainama kwa heshima. Nilipoinama mimi, simu nayo iliinama. Ilipoinama simu, ndege ikaenda.

"Watu wa Lodwar je?"

"Wazima, mzee."

"Mama yako je?"

"Mzima." Kwa pembe ya jicho niliona kilima cha mawe kikija kwenye kioo.

"Mvua huko?"

"Hakuna, mzee, hakuna kabisa." Nilijaribu kuvuta mkono polepole. Aliukaza. Mwenye heshima hauachii mkono wa mkwe kabla ya kuulizia mifugo.

"Na mifugo yenu?"

Alikuwa amekaribia kabisa. Alipouliza hilo alikuwa anatazama kioo cha simu yangu, kama mtu yeyote anavyotazama kitu kinachong'aa, na ndani ya kioo, chini ya jua zuri la asubuhi, lilikuwa limeenea kundi lote la nyuma la baba yangu. Mbuzi walijaa kama punje za mtama uliomwagika. Ngamia walikuwa wamelala, wamenona, wanacheua.

Akauachia mkono wangu. "Hizi ni za nani?"

Baba, aliyekuwa ametoka kuapa kwa sauti kwamba amebaki na fimbo na kigoda, akainuka, akaja, akatazama. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilikuwa fupi kupita kiasi.

"Za Mungu," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwona mwalimu wangu akiolewa na mtu mwingine, mtu mwenye lori, mtu asiye na ndege yoyote. Baba mkwe akaichukua simu mkononi mwangu. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa vidole, ni mkosi. Mtu huitazama tu rangi na pembe, akili inajua. Basi akaanza kutazama. Kidole chake gumba kikakaa palepale changu kilipokuwa, akaiinamisha simu huku, akaiinamisha kule ili aone vizuri walio pembeni, kama mtu anayechungulia dirishani, na ndege ikamtii kuliko ilivyowahi kunitii mimi. Ikakipita kilima. Ikavuka laga. Ikafika upande wa pili, kwenye vichaka vya mathenge.

Huko kulikuwa na kundi jingine.

Hilo sikulijua. Halikuwa letu. Lilikuwa kubwa kama letu, labda lilinona zaidi, na katikati yake alisimama ngamia mweupe wa kupendeza, shingo juu. Nieleze kwamba mzee yule alikuwa ameanza mazungumzo kwa kutuambia ukame ulimmaliza, kwamba hana hata maziwa ya wajukuu, na kwamba kwa sababu hiyo huruma yetu isiwe ndogo.

Baba yangu alijikohoza. "Na hizo?"

Nyani haoni kundule. Simu ilibaki imeinama mkononi mwa mzee, na ndege ikazidi kusogea. Mbele ya ngamia mweupe akatokea mtu. Alikuwa mwanamke mwenye shanga mpaka kidevuni, mafuta yaking'aa mabegani, fimbo ya kuchungia mkononi. Wanaume wote wa nyumba ile walikuwa wamekuja kupiga kelele kivulini, hakukubaki wa kuchunga mali iliyofichwa, kwa hiyo alitumwa bi harusi.

Alilitazama lile dude likimjia. Sura aliyoikunja sijawahi kuiona kwa binadamu. Jicho moja lilifumba, jingine likatoka, mdomo ukapinda kwa matusi, na namshukuru Mungu kamera haikuwa na masikio. Akainama, akaokota jiwe. Alilenga kama mtu aliyekulia kufukuza mbweha. Kioo kikawa cheusi.

Baba mkwe akanirudishia simu. Kule kivulini kaka mmoja wa mzee akaita, "Kuna nini?"

"Picha imeharibika!" baba mkwe akajibu haraka. Halafu akaniinamia, kwa sauti ya chini. "Hii kitu inakumbuka?"

"Inakumbuka, mzee. Kuna flashi ndani yake."

"Nani mwingine ameona?"

"Sisi watatu."

Alimtazama baba. Baba alimtazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wale kaka kule kivulini wangegawiwa mahari, na kwamba kila mmoja alikuwa ameshalia kwa mzee kuhusu ukame na kuambiwa zizi ni tupu; wakiiona filamu, wangewadai wazee wote wawili. Wazee wawili wakachukua vigoda vyao, wakaenda kukaa mbali, kichwa kwa kichwa. Mimi nikabaki juani na simu isiyo na kitu, nikimwomba Mungu kwa lugha zote nilizozijua. Hawakukaa hata muda wa kuchemsha chai. Waliporudi, baba mkwe alitangaza kwa sauti kwamba upande wa mume umeongeza ngamia wawili kwa machozi, kwamba yeye ameridhika, na kwamba mwenye neno aseme sasa. Kaka zake hawakuamini jinsi ilivyokuwa rahisi. Wawili walikuwa hata hawajaanza kununa.

Sharti lilikuwa moja, na nililinong'onezwa sikioni. Filamu ife, na wao waione ikifa.

Mwalimu alifika akiwa ameishika ndege kwa mguu mmoja kama kuku. Feni mbili zilikuwa hazipo. "Ni wewe ulikuwa unanichungulia?" akaniuliza, mbele ya baba yake na yangu.

"Ni baba yako," nikasema. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyeniamini.

Jioni ile tulikwenda wanne kwa yule mama wa jenereta, mwalimu akiwa na kanga begani juu ya shanga. Niliichomeka flashi kwenye kompyuta. Niliposhika kipanya ili nifute, baba mkwe akanishika mkono, ule wa kulia tena.

"Kwanza tuione," akasema. "Mara moja."

Waliiona mara tatu. Waliivuta benchi ikakaribia kioo, wakakaa bega kwa bega. Mara ya kwanza kila mmoja alitazama mifugo ya mwenzake. Mara ya pili baba aliuliza, "Yule mweupe ulimpata wapi?" na mzee akamweleza ukoo wa ngamia huyo tangu bibi yake. Mara ya tatu mzee alisifu pembe za beberu wetu mmoja, na baba yangu, aliyezoea kulia umaskini maisha yake yote, alijinyoosha mgongo akatabasamu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuwasifia mali yao yote mahali pamoja. Ilipofika ile sura na lile jiwe, mama wa jenereta alijipiga mapaja.

"Ya zol! Hii ndiyo bibi yako? Oa haraka, kabla hajaona mawe ingine!"

Mwalimu alificha uso kwenye kanga, akicheka. Kisha wazee wakasema, "Futa." Nikafuta. Mama wa jenereta akanionyesha jinsi ya kufuta hata pale vitu vilivyofutwa vinapojificha. "Kalas," akasema, na ilikuwa imekwisha.

Ndege haikuruka tena. Baba mkwe aliniomba mabaki yake, akayaning'iniza mlangoni pa zizi, na mbuzi wake wanayaogopa mpaka leo. Nikienda kumsalimu ananinyooshea mkono wa kulia huku akitazama wa kushoto nimeshika nini.

Dukani kwangu kuna rafu nzima ya harusi za watu wengine. Yangu haimo. Picha tulipiga baadaye, tumesimama wima, tumevaa, tumeganda, na kila mgeni anasema ni nzuri. Mimi siitaki hiyo. Ninaitaka ile nyingine, ya mwanamke wangu peke yake kwenye mathenge, amekasirika, hajui kwamba anatazamwa na kila mtu ambaye angeamua maisha yake, na hamwogopi hata mmoja. Niliifuta kwa mkono wangu ili nimpate, na ningeifuta tena. Lakini naitamani sura ile, na kila mwaka inafifia kidogo kichwani. Nikimwomba anikunjie uso vile tena, mara moja tu, anainama kutafuta jiwe.